Zilizoonekana na Zilizopo: Ukadiriaji wa Wingi wa Sayari za Nyota Nyingine na Uelezaji Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanaastronomia wanavyokadiria wingi wa sayari zinazozunguka nyota nyingine, na yanaonesha mahali ambapo sentensi ya Kiswahili huweza kuhifadhi au kupotosha maana ya kadirio hilo. Hoja kuu ni kwamba idadi ya sayari zilizogunduliwa na wingi wa sayari zilizopo ni mambo mawili tofauti. Kutoka la kwanza hadi la pili kuna safari ya masahihisho, na kila sahihisho lina dhana yake. Kadirio linapohamishiwa katika kitabu cha shule, taarifa ya habari au waraka wa sera bila dhana hizo, msomaji hupokea tarakimu sahihi yenye maana isiyo sahihi. Makala yanapendekeza mambo manne ambayo sentensi yoyote inayotaja wingi wa sayari haina budi kuyabeba.

1.0 Utangulizi

Mwezi Desemba 2019, Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza majina ya nyota na sayari yaliyopendekezwa na wananchi wa nchi mbalimbali. Kwa pendekezo la Tanzania, nyota iliyokuwa ikijulikana kwa alama ya WASP-71 ilipewa jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Kwa pendekezo la Kenya, nyota ya HD 83443 iliitwa Kalausi na sayari yake Buru. Majina hayo mawili yametoka katika Kidholuo, nayo yanahusu upepo mkali wa kisulisuli na vumbi.

Tanzanite na Buru zina jambo moja linalofanana. Zote mbili ni majitu ya gesi yaliyo karibu mno na nyota zao, na kila moja humaliza mzunguko wake kwa takribani siku tatu. Katika mfumo wetu wa Jua hakuna kitu cha namna hiyo. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ni ndogo na huchukua siku 88 kulizunguka. Msomaji wa Afrika Mashariki ambaye anazijua sayari hizi mbili tu katika anga la mbali anaweza kudhani kwamba sayari za kawaida huko nje ni majitu yenye mwaka wa siku tatu. Atakuwa amekosea. Tafiti za sampuli pana zinaonesha kwamba majitu ya aina hii hupatikana katika takribani nyota moja kwa kila mia, au pungufu ya hapo, miongoni mwa nyota zinazofanana na Jua. Sayari hizi ni adimu, lakini ni rahisi kuziona, na ndiyo maana zimo miongoni mwa zile za mwanzo kupewa majina.

Kitendawili hicho ndicho kiini cha makala haya. Mwezi Machi 2022, idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua ilivuka 5,000. Idadi hiyo hujibu swali, “Tumeona ngapi?” Haijibu swali, “Zipo kwa wingi gani?” Swali la pili lina njia yake ya kujibiwa, nayo inaweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kupunguza ukali wa hoja.

2.0 Kwa nini zilizoonekana haziwakilishi zilizopo

Mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza ugunduzi wa sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, inayofanana na Jua. Kwa kazi hiyo walitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019. Sayari hiyo ina tungamo la takribani nusu ya Mshtarii na mwaka wa siku 4.2. Njia waliyotumia hupima kuyumba kwa nyota, kwa kuwa sayari na nyota huvutana, na nyota hutikisika kidogo sayari inapoizunguka. Mshtarii hulifanya Jua litikisike kwa kasi ya takribani mita 12 kwa sekunde, ilhali Dunia hulitikisa kwa takribani sentimita 9 tu kwa sekunde. Kwa hiyo, njia hii kwa asili yake huziona mapema sayari nzito zilizo karibu na nyota, na huchelewa kuziona sayari nyepesi zilizo mbali.

Njia ya pili, ambayo imeleta sehemu kubwa ya ugunduzi, ni ya mpito. Sayari ikipita kati yetu na nyota yake, huziba sehemu ndogo ya mwangaza wa nyota. Mshtarii ukipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona mwangaza ukipungua kwa takribani asilimia 1. Dunia ikipita, upungufu ungekuwa takribani sehemu 84 katika milioni. Zaidi ya hayo, mpito huonekana endapo tu mzingo wa sayari umelala karibu sawasawa na mstari wetu wa kutazama. Kwa sayari iliyo umbali wa Dunia kutoka nyota iliyo kama Jua, nafasi ya mlalo huo kutokea ni takribani 1 kwa 215. Kwa sayari iliyo karibu mara ishirini zaidi, nafasi hiyo ni takribani 1 kwa 11.

Mvuvi anayetumia wavu wenye macho makubwa hana haki ya kusema kwamba ziwani hamna dagaa. Hata hivyo, mvuvi anayeyajua macho ya wavu wake kwa kipimo anaweza kufanya jambo la maana zaidi ya kunyamaza: anaweza kukadiria ni samaki wangapi wa kila ukubwa waliompita. Ukadiriaji wa wingi wa sayari ni kazi ya kuyapima macho ya wavu.

3.0 Hatua za ukadiriaji

Ili hatua hizi zieleweke, tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Tuseme tumezitazama nyota 21,500, zote zikiwa sawa na Jua, kwa njia ya mpito. Tumepata sayari 10 zenye umbali wa Dunia, na sayari nyingine 10 zilizo karibu mara ishirini zaidi. Orodha yetu inaonesha makundi mawili yaliyo sawa: kumi kwa kumi.

Hatua ya kwanza ni kusahihisha mlalo wa mizingo. Kila sayari ya mbali tuliyoiona inasimama badala ya sayari 215, kwa kuwa 214 kati yake hazipiti mbele ya nyota zao kwa upande wetu. Kumi zinakuwa 2,150, yaani asilimia 10 ya idadi ya nyota. Kila sayari ya karibu inasimama badala ya sayari 11 hivi, na kumi zinakuwa takribani 108, yaani asilimia 0.5. Makundi yaliyokuwa sawa katika orodha sasa yametofautiana mara ishirini.

Hatua ya pili ni kusahihisha zile zilizopita mbele ya nyota lakini hazikugunduliwa, ama kwa sababu ishara yake ilikuwa dhaifu au kwa sababu data ilikuwa na mapengo. Watafiti hutia katika data ishara za sayari walizozibuni wenyewe, kisha huiacha programu izitafute. Ikizigundua nusu tu, wanajua kwamba kila sayari halisi iliyogunduliwa huwakilisha mbili. Katika mfano wetu, asilimia 10 inakuwa 20.

Hatua ya tatu inarudisha hesabu chini. Si kila upungufu wa mwangaza ni sayari. Nyota mbili zinazozungukana na kuzibana, au hitilafu ndani ya chombo chenyewe, huweza kuiga mpito. Ikiwa sayari 3 kati ya 10 zetu za mbali ni ishara za uongo, zinabaki 7, na kadirio linashuka kutoka asilimia 20 hadi 14.

Hatua ya nne ni kutaja mipaka. Kadirio lililojengwa juu ya sayari 7 au 10 haliwezi kuwa na uthabiti wa lile lililojengwa juu ya elfu moja. Kwa idadi ya 10, bahati peke yake huweza kuibadilisha hesabu kwa takribani 3 juu au chini. Kwa sababu hiyo, kadirio kamili ni tarakimu tatu: thamani inayokubalika zaidi, mpaka wa chini na mpaka wa juu.

Mfano huu unaonesha kwamba tarakimu ya mwisho haikuonekana popote katika darubini. Imejengwa. Kusema kuwa imejengwa si kusema kuwa imetungwa, kwa kuwa kila hatua inaweza kukaguliwa, kupingwa na kurudiwa na mtafiti mwingine.

4.0 Kisa cha sayari zenye ukubwa wa Dunia

Chombo cha Kepler cha Shirika la Anga la Marekani, NASA, kilirushwa Machi 2009 kwa ajili ya swali hili hili. Kilikodolea macho sehemu moja ya anga, katika makundinyota yanayoitwa Cygnus na Lyra, na kufuatilia mwangaza wa takribani nyota 150,000 kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilidumu miaka minne, hadi Mei 2013, pale gurudumu la pili kati ya magurudumu yanayokisaidia kutulia lilipoharibika. Baadaye kilitumika kwa mpango mwingine hadi kilipostaafishwa mwaka 2018.

Miaka minne ni muda mfupi kwa sayari ambayo mwaka wake ni kama wetu. Ili ishara iaminike, mipito isiyopungua mitatu huhitajika. Tena nyota zilizo kama Jua zilidhihirika kuwa na mabadiliko ya mwangaza makubwa kuliko ilivyotarajiwa, na ishara ndogo zikafichika humo. Matokeo yake ni kwamba Kepler ilitoa ushahidi mwingi kuhusu sayari ndogo zenye miaka mifupi, na ushahidi haba pale hasa ulipohitajika. Wingi wa sayari zenye ukubwa na mwaka wa Dunia, kwa hiyo, hupatikana kwa kurefusha mwelekeo wa data kutoka eneo lenye ushahidi hadi eneo ambalo ushahidi umekauka.

Mwaka 2013, Petigura, Howard na Marcy walichambua nyota 42,000 na kupata sayari tarajiwa 603. Walikadiria kwamba takribani asilimia 22 ya nyota zilizo kama Jua zina sayari yenye nusukipenyo cha kati ya mara moja na mara mbili ya kile cha Dunia, inayopokea kati ya robo na mara nne ya mwangaza tunaoupokea. Mwaka uliofuata, Foreman-Mackey, Hogg na Morton walichukua orodha hiyo hiyo ya sayari na makadirio hayo hayo ya ugunduzi, wakapata wingi ulio mdogo mara kadhaa kwa sayari zenye ukubwa na mwaka wa Dunia. Data haikubadilika. Kilichobadilika ni dhana mbili: umbo la mstari unaorefushwa kuelekea eneo lisilo na data, na namna ya kuhesabu shaka iliyomo katika vipimo vya ukubwa wa sayari.

Uchambuzi uliofuata ulipanua uwazi huo. Bryson na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021, walikadiria sayari zenye nusukipenyo cha kati ya 0.5 na 1.5 ya kile cha Dunia, zilizo katika ukanda ambamo maji yanaweza kuwa kimiminika, kwa tafsiri finyu ya ukanda huo. Hawakutoa thamani moja, bali mbili: 0.37 na 0.60 ya sayari kwa kila nyota, kutegemea dhana inayochukuliwa kuhusu sayari zenye miaka mirefu. Mpaka wa chini kabisa wa makadirio hayo ni 0.16, na wa juu kabisa ni 1.50. Hiyo ni tofauti ya takribani mara tisa, kutoka kwa data bora zaidi iliyopo kuhusu jambo hilo.

Kwa mtaalamu wa fani, upana huo ni taarifa: unaeleza ni wapi vipimo zaidi vinahitajika. Kwa msomaji aliyeambiwa mwaka 2013 kwamba nyota moja kati ya tano “ina Dunia yake”, mabadiliko hayo huonekana kama kigeugeu. Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza.

5.0 Sentensi ya Kiswahili na uzito wa kadirio

5.1 Kila, zote na kwa wastani

Tuzitazame sentensi tatu:

(1) Kila nyota ina sayari.
(2) Nyota zote zina sayari moja au zaidi.
(3) Kwa wastani, kuna sayari moja au zaidi kwa kila nyota.

Mwaka 2012, Cassan na wenzake walitumia njia nyingine, ya kupinda kwa mwanga wa nyota ya mbali chini ya mvutano wa nyota iliyo mbele yake, na kukadiria wastani wa sayari 1.6 kwa kila nyota katika galaksi yetu, kwa masafa na matungamo yaliyotajwa. Tafsiri sahihi ni ya namna ya (3). Lakini katika vichwa vya habari, maneno “kwa wastani” ndiyo ya kwanza kukatwa, na sentensi huanguka kwenye (1). Kosa hilo si dogo. Nyota kumi, ambazo sita kati yake hazina sayari hata moja na nne zina sayari nne kila moja, zina sayari 16, yaani wastani wa 1.6. Sentensi ya (3) ni kweli juu ya nyota hizo. Sentensi za (1) na (2) ni uongo.

5.2 Asilimia ya nyota na sayari kwa nyota

“Asilimia 22 ya nyota” huhesabu nyota zenye sayari. “Sayari 0.37 kwa nyota” huhesabu sayari zenyewe. Mfasiri anayeigeuza 0.37 kuwa “asilimia 37 ya nyota” amebadilisha kinachohesabiwa. Uthibitisho ni mpaka wa juu wa 1.50: kwa mtindo huo, tungelazimika kusema kwamba asilimia 150 ya nyota zina sayari.

5.3 Kama Dunia

Kiunganishi “kama” hubeba mengi. “Sayari kama Dunia” humpa msomaji bahari, mawingu na viumbe, ilhali kilichopimwa ni nusukipenyo na kiasi cha mwangaza. Zuhura ina nusukipenyo cha takribani asilimia 95 ya kile cha Dunia, lakini joto la uso wake hufikia takribani nyuzi 460 za Selsiasi. Mtazamaji wa mbali anayepima ukubwa peke yake angeiweka Zuhura katika kundi la “kama Dunia” bila kusita. “Sayari yenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia” ni kirai kirefu, na urefu wake una thamani.

5.4 Uwezekano na sayari tarajiwa

Neno “uwezekano” hutumika kwa jambo linaloweza kutokea na pia kwa kipimo cha kutokea kwake. “Kuna uwezekano wa mpito kuonekana” na “uwezekano wa mpito kuonekana ni 1 kwa 215” ni kauli mbili tofauti. Katika maandishi ya kitaalamu, neno hili liambatane na tarakimu kila linapokusudiwa kuwa kipimo. Kwa ishara ambayo haijathibitishwa, makala haya yametumia “sayari tarajiwa”. Tafsiri ya “sayari mgombea”, ambayo hufuata neno la kigeni, huleta harufu ya uchaguzi na hudokeza ushindani usiokuwapo.

6.0 Jambo hili na washauri wa sera

Huenda ikasemwa kwamba sayari za mbali si suala la bajeti. Lakini mwaka 2021 ripoti ya Akademia za Kitaifa za Marekani kuhusu mwelekeo wa astronomia ilipendekeza kujengwa kwa darubini ya angani yenye kioo cha takribani mita 6, ikilenga kuchunguza takribani sayari 25 zinazoweza kufaa kwa uhai. Hesabu sahili huonesha uzito wa kadirio katika uamuzi huo. Wingi ukiwa 0.5 kwa nyota, sayari 25 huhitaji nyota zisizopungua 50. Ukiwa 0.2, huhitaji nyota 125. Nyota za ziada ziko mbali zaidi, sayari zake ni hafifu zaidi na huonekana kukaribiana zaidi na nyota zenyewe, na kuzitenganisha kunahitaji kioo kikubwa zaidi. Hivyo mpaka wa chini wa kadirio, ambao mwandishi wa habari huuacha kwa kukosa nafasi, ndio ambao mhandisi huuliza kwanza.

Mantiki hiyo si ngeni katika ukanda wetu. Wanaohesabu tembo kwa ndege husahihisha hesabu kwa ajili ya wale waliofichwa na miti. Wanaokadiria ugonjwa hawatosheki na idadi ya waliofika zahanati. Afisa anayezoea kuuliza, “Je, hii ni idadi iliyoonekana au kadirio la waliopo, na limesahihishwaje?” atanufaika katika wizara yoyote. Elimu ya sayari ni uwanja mwema wa kujifunzia swali hilo, kwa kuwa hapana kabila, chama wala jimbo linaloguswa na jibu.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kwamba sentensi ya Kiswahili inayotaja wingi wa sayari ibebe mambo manne: aina ya sayari inayohesabiwa, aina ya nyota, masafa au urefu wa mwaka unaohusika, na mipaka ya chini na ya juu ya kadirio. Aidha, vyombo vya istilahi, yakiwamo mabaraza ya kitaifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viangalie uwezekano wa kusanifisha kwa pamoja “idadi iliyogunduliwa”, “wingi”, “wastani kwa nyota” na “asilimia ya nyota”, badala ya kusanifisha kila neno peke yake. Istilahi hizi huhitajiana: thamani ya kila moja iko katika kutenganishwa na jirani yake.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba wingi wa sayari hausomwi kutoka katika orodha ya ugunduzi, bali hujengwa kwa kusahihisha mlalo wa mizingo, udhaifu wa ishara na ishara za uongo, na kwa kutaja mipaka. Yameonesha pia kwamba makadirio mawili yanaweza kutofautiana mara kadhaa juu ya data moja pasipo yeyote kudanganya, mradi dhana zao zimewekwa wazi. Kiswahili kina viunzi vyote vya kuyasema haya. Kinachohitajika ni waandishi, wahariri na wafasiri kukubali sentensi ndefu kidogo pale ambapo ufupi ungegharimu ukweli. Tanzanite na Buru zitabaki katika vitabu vya watoto wetu kwa majina tuliyozipa; haki yao ni kuambiwa pia, kwa lugha hiyo hiyo, kwamba sayari za namna hiyo ni chache na kwa nini zilitangulia kuonekana.